Shaba Inayoogopa Wanawake

Yaya Béa mpenzi,

Mdogo wako, mtu aliyetembea dunia nzima mpaka Likasi, sasa anakusalimia toka Kolwezi, akiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali.

Huku nimejifunza sayansi kubwa: shaba inaogopa wanawake! Haiogopi nyundo wala baruti, ila ikiona kitenge inakimbia. Maprofesa wa shimoni wamethibitisha. Leo Mama Ngoie, mjane anayewapikia wachimbaji, ameomba kazi ya kuvuta mifuko ya mawe kwa kamba kwenye mdomo wa shimo, maana jiko peke yake halimtoshi. Mkubwa wao akaruka: "Mama, shaba itatukimbia! Wewe pika tu."

"Sawa, tata. Lakini hii bukari nayo, ugali wenu wa kila siku, mwanamuke ndiye amepika. Mukiikula, shaba itanusa mikono yenu." Akajitwika sufuria, sombe ya majani ya muhogo ikinukia, akaondoka. Mi nilikuwa nimeshika sahani tayari, Yaya!

Hakufika hata barabarani, mkubwa akamwita: "Mama, rudia! Tusikilizane!"

"Nashika kamba kwanza. Kisha tutakula."

Akavuta mfuko, ukapanda umejaa. Mi nilikodoa macho upande wa Zambia nione shaba ikivuka mpaka. Haikutoroka hata kokoto. Kesho anarudi kwenye kamba, na maprofesa wanatafuta sayansi nyingine.

Basi mumeo, shemeji yangu, akikwambia tena kwamba pikipiki si ya wanawake, usigombane naye. Jitwike sufuria, tembea polepole.

Nakukumbatia na vumbi langu lote,
Papy wako