Printa ya Roli au ya Karatasi Moja Moja

Bariadi, Jumanne

Nimechoka kubishana na Masanja, mwenzangu ofisini. Tangu tupunguzwe kazi serikalini tunachora ramani za vijiji wenyewe, na sasa tunaweza kununua printa moja tu kubwa. Yeye anataka ya karatasi moja moja, maana umeme ukikatika inaharibika karatasi moja, si mita tatu za roli. Ni kweli.

Lakini leo wazee wa kijiji cha Migato wameikataa ramani yetu, tuliyoichapa kwa karatasi tatu tukaziunganisha. Kiungo cha gundi kimepita katikati ya ngitili, malisho yao ya kiangazi.

"Bwana mpima, hapa mmekata mkabandika. Jirani akidai mmemega eneo lake, tumjibu nini?" mmoja wao akaniuliza.

Njiani Masanja akaniuliza, "Na umeme, mzee?"

Tutanunua ya roli, itoe ramani nzima bila kiungo. Umeme ukikatika nitachapa upya. Wanakijiji na jirani zao wakishashikiana fimbo, hakuna ramani itakayowatuliza.