Pembe Iliyopinduka

Appingedam, kando ya mfereji
14 Novemba 1993

Mpendwa mjukuu wangu Hilje,

Miaka mitatu. Hata bata bukini wa hapa mferejini huondoka na kurudi, na hawana pasi wala nauli. Wewe una vyote viwili na hujaja. Norwe siyo mwezini. Nimekukasirikia, na nimeshasema, sasa nakusalimu.

U hali gani mwanangu? Mumeo Torleif kifua kimemwachia? Na mtoto ameshaota meno? Ile picha yake ndani ya beseni nimeibandika juu ya jiko. Mimi magoti yananiuma lakini ngazi bado napanda. Uyavumilie maandishi yangu. Mtoto wa tishari, leo gati hili kesho lile, shule niliiona kwa mbali tukipita. Herufi alinifundisha babu yako kwenye mihuri ya posta, ndiyo maana majina ya miji naandika vizuri na mengine yote ovyo.

Sasa sikiliza, habari siyo nzuri. Macho ya babu yako yanakwisha. Hasemi. Anamimina kahawa pembeni ya kikombe, halafu anailaumu birika. Daktari ametuambia mwakani ataona mwanga wa dirisha tu. Babu yako alipotoka pale akaniambia daktari mwenyewe anahitaji miwani.

Unalikumbuka lile kasha la chama cha stempu, linalozunguka nyumba kwa nyumba. Kila mwanachama anakaa nalo siku zake, anachukua stempu anayoitaka, anatia sahihi pale palipobaki patupu na kuweka hela, kisha analipeleka nyumba ya pili. Hakuna mlinzi. Wanaaminiana tu, na babu yako yumo tangu mama yako hajazaliwa.

Mwezi wa tisa kashani kulikuwa na stempu ya buluu ya Meindert Knol, yule aliyekuwa akifungua daraja. Kwa uso ni sawasawa na zile za babu yako. Tofauti imo ndani ya karatasi, ile alama ya pembe ya kupuliza, ya matarishi wa zamani, ambayo huioni mpaka uiloweshe benzini. Ya Meindert pembe imepinduka, mdomo uko chini, kwa sababu mchapaji aliingiza karatasi kinyume. Watu wazima na akili zao wanaililia karatasi iliyogeuka. Mimi nikitandika shuka kinyume nagombezwa.

Babu yako alizilaza mbili kwenye kile kisahani cheusi azilinganishe, yake na ya Meindert. Nilimwona. Zilipokauka akarudisha moja kashani. Nyumba iliyofuata wakaipima. Pembe mdomo juu, stempu ya kawaida.

Meindert akaja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikamwambia aingie, kahawa ipo. Akasema ameshakunywa. Miaka yote hii, Hilje, hajawahi kuikataa kahawa yangu, hata nilipoiunguza.

"Harm," akamwambia babu yako, "hebu tazama tena, bwana. Mtu huchanganya."

"Nilirudisha nilichokitoa. Au unaniita mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema. Tangu lini daraja lako likafunguka nusu?"

Meindert akavaa kofia yake akaenda.

Tangu hapo kasha halifiki kwetu. Zamu yetu ikifika, Meindert analipitisha kwa baiskeli, mnyororo unalia kama paka. Babu yako akiusikia anainuka, anapangusa meza, anakaa. Baiskeli haisimami. Mimi naendelea kumenya viazi, maana nikimtazama nitalia, na nikilia ataudhika.

Nadhani moyoni anajua. Kila siku akimaliza supu anakitoa kile kisahani, anamimina benzini, anainama mpaka pua inagusa. Haoni kitu. Nami nimejaribu akiwa amejilaza mchana, nikaona rangi ya buluu basi. Ana albamu nzima za namna hiyo. Nikimwambia ni macho, nitakuwa nimemnyang'anya kilichobaki.

Juzi akasema anaziuza zote. Mnunuzi kutoka Zwolle anakuja juma la kwanza la Januari. Albamu zikiondoka, stempu ya Meindert imeondoka nazo, na babu yako atabaki mwizi mpaka kaburini. Watu wa hapa hawakusemi. Wanaacha tu kukupungia mkono. Wa duka la mkate ameshaacha.

Nani mwingine alifundishwa kuiona hiyo pembe? Ni wewe. Ulikuwa unapanda juu ya kigoda, unamwambia, "Babu, mdomo chini," naye anakuita mke wake mdogo, na mimi natafuta mwiko niwachape wote wawili.

Msalimie sana Torleif, na mtoto umbusu kwenye shingo, pale wanapocheka. Shangazi yako Aaltje anakusalimu, amenunua mbwa mwingine, hana adabu kama yule wa kwanza. Mungu akulinde njiani. Nasema njiani kwa sababu unakuja, hapo sikuulizi.

Njoo kabla ya mwaka mpya. Usimwambie nimekuandikia. Mwambie unataka stempu moja ya kumwanzishia mtoto. Kaa upande wa dirisha, benzini amimine yeye, hata akiimwaga mezani. Ukiiona pembe imepinduka, funga mdomo. Itenge peke yake kwenye kisahani, mpe kibano mkononi, umwulize, "Babu, hii vipi?" Atainama, na atakawia. Usimharakishe. Akisema ndiyo yenyewe, itikia, kamletee koti. Ataipeleka kwa Meindert yeye mwenyewe. Mimi nitamshika mkono njia nzima, kwa sababu ya barafu.

Bibi yako akupendaye na hasira zake zote,
Trijntje