Otonglo Iliyopigwa Tupa

Maskati,
Jumanne

Mama yangu,

Goti linasemaje? Na mvua ya Homa Bay imekubali kunyesha, au bado inawatania? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kabla hujauliza, ndiyo, ninaomba kila asubuhi. Barua hii anakuletea Mercy, yule msichana wa Migori mjini niliyekuambia tunafanya kazi mtaa mmoja. Anakuja likizo. Mpe chai lakini usimsumbue kwa maswali, maana yeye anajua nusu tu ya mambo, na nusu ile nyingine nataka uisikie kutoka kwangu.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Kwenye simu ungenikatia kabla sijafika katikati, nakujua. Kwa hiyo acha cherehani kidogo, ukae, nianze na kosa langu.

Ile otonglo ya babu sikuitupa ziwani.

Unakumbuka tulipomaliza matanga ya dani, mama yako, ukafungua sanduku lake la bati, ukaikuta imefungwa kwa kitambaa, ile senti kumi ya zamani yenye tundu katikati. Uliishika kwa ncha za vidole, ukanipa, ukasema, "Peleka hii takataka kwa maji." Nilienda hadi ufuoni, Mama. Nilisimama pale muda mrefu, kisha nikarudi nayo. Nilipopanda ndege kuja huku nilikuwa nimeivaa shingoni kwa uzi, chini ya nguo. Miaka mitatu nimekudanganya. Nikasirikie ukitaka, lakini soma hadi mwisho.

Kilichonizuia ni hadithi ya dani. Ulipokuwa sokoni alikuwa akinisimulia yale ambayo wewe hukutaka yatajwe nyumbani. Kwamba babu alikuwa akinunua dhahabu kule machimboni Macalder. Mizani yake ilikuwa ya mkono, yenye visahani viwili. Kimoja anaweka otonglo, kingine mchimbaji anamimina vumbi lake la dhahabu hadi visahani vilingane, kisha analipwa bei ya otonglo moja. Siku moja mtu akaona ukingo wa otonglo umepigwa tupa. Uvumi ukaenea kwamba babu ameichonga na kupachika risasi ndani ili iwe nzito, watu wamimine dhahabu nyingi kwa bei ile ile. Mizani ikavunjwa, kibanda kikachomwa, nanyi mkakimbilia Homa Bay na godoro moja. Ulikuwa darasa la pili, na watoto wakakuita nyar tupa, binti wa tupa, mpaka ukaacha kwenda kisimani na wenzako.

Na babu alijitetea kwa neno moja tu. Alilisema kwa Kiswahili, kwa kuwa wachimbaji walikuwa Wajaluo, Wakuria na wengine wa ng'ambo ya mpaka. Alisema, "Nimeipunguza." Alilirudia na kulirudia, dani aliniambia, na kila alipolirudia walizidi kumpiga. Wakasema, si amekiri mwenyewe? Anasema amepunguza, basi amepunguza haki yetu. Wewe ulilisikia hivyo ukiwa mtoto, nami niliposimuliwa nililisikia vivyo hivyo. Tangu hapo hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Ndugu yangu Ouma alipozaliwa ulikataa katakata.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Bibi ninayemtunza, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja akaletwa huku akiwa mwanamwali. Kiswahili chake ni kile cha kunyooka, na changu kinamchekesha hadi anashika mbavu. Nikisema "nyanya yangu", nikimaanisha dani, ananiuliza kama ni ya mchuzi au ya kachumbari. Jumamosi iliyopita (usiniulize kuhusu Sabato, Mama, kazi ni kazi) alitaka nimpeleke kwenye makumbusho ndogo ya mtu binafsi. Walikuwa wameweka maonyesho ya pesa za kale. Alisema anataka kuiona pesa aliyotolewa mahari kabla hajafa.

Palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Reale za fedha kubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa. Noti za rupia zilizochanika mikunjoni, na shilingi za karatasi zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, nyekundu, pana kama leso. Bi Zuwena aliniambia nisimamishe kiti chake cha magurudumu mbele ya noti moja, akaisemesha kama mtu. "Wewe ndiwe uliyenipeleka kwa mume," aliiambia. Nilicheka. Nilikuwa na raha, na ndiyo sababu nikafanya ujinga.

Kwenye sanduku la kioo la mwisho nilizikuta. Otonglo! Zimepangwa kwa mistari juu ya kitambaa cheusi, kila moja na tundu lake. Moyo uliruka, ni kama niliona watu wa kwetu ugenini. Sikufikiri. Nilivuta uzi shingoni, nikaitoa ya babu nikaishika karibu na kioo ili nizilinganishe. Hapo ndipo nilipoona kuwa mstari wa mwisho una pengo. Alama ya duara ipo kwenye kitambaa, sarafu haipo.

Mlinzi alikuwa ameona pengo hilo pia, na mkono wangu.

"Hiyo umeitoa wapi?" Aliuliza kwa Kiswahili, maana naye wazee wake ni wa huko huko Unguja.

Nikamjibu kama ningemjibu mtu wa Rongo stendi: "Hii nimetoa kwa sanduku ya nyanya."

Mama, najua wewe umenielewa. Hata paka wa Homa Bay angenielewa. Lakini yule alisikia nimetoa, akasikia sanduku, na sanduku lilikuwa hapo mbele yetu. Hiyo nyanya akaona ninamfanyia mzaha. Uso wake ukabadilika.

"Umeitoa sandukuni, na bado unanichezea shere?"

"Hapana! Sanduku ya kwetu! Nyumbani!"

"Ushasema umeitoa."

Watu wakageuka. Aliichukua ile otonglo mkononi mwangu, uzi ukakatika, akatuongoza hadi ofisini. Nilimsukuma Bi Zuwena kwenye kiti chake, kikagonga mlango. Mlinzi akasema msimamizi akija atapigia polisi. Kumbuka mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na anayetia sahihi ni mwana wa Bi Zuwena. Hakuna mtu anayeongezea mwizi mkataba. Lakini nitakuambia kweli, si kazi niliyoifikiria kwanza. Nilifikiria Mercy akisikia, Mercy akisimulia, habari ikifika Homa Bay kabla yangu, na mtu mmoja pale sokoni akisema, "Si ni mjukuu wa yule wa tupa? Iko kwa damu." Na wewe ukiwa umesimama hapo umeshika kikapu.

Bi Zuwena alikuwa akihesabu tasbihi yake. Kisha akanikazia macho.

"Nitazame. Umeiba?"

"Sijaiba, Bibi. Ilikuwa ya babu yangu. Alikuwa anapimia dhahabu."

"Mbona hukuwahi kunionyesha?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini, ikiwa ni yako?"

Alirudi kwenye tasbihi yake, na sikujua kama ameniamini.

Msimamizi alikuja, mwanamke kijana aliyevaa glavu nyeupe, asiyejua Kiswahili. Walisemezana Kiarabu na Bi Zuwena kwa muda. Akaichukua ya babu akaigeuzageuza chini ya taa, kisha akatoa mizani ndogo ya umeme. Bi Zuwena akanieleza: zile za makumbusho ni nzima, zote uzito wao mmoja, umeandikwa kitabuni. Hii ikilingana nazo, ni yao. Isipolingana, ni yangu.

Ungedhani ningefurahi. Nilitamani asiipime. Maana mimi nilijua kitu ambacho wao hawakukijua: kama ile sarafu ingekuwa nzito, basi risasi ilikuwemo. Ningetoka pale nikiwa huru, na babu angekuwa mwizi kweli kweli, mizani imesema, si uvumi tena. Na kama ingelingana na zao, basi mimi ndiye mwizi. Nilisimama pale nikiomba Mungu, na sikujua niombe lipi.

Aliweka kwanza moja ya kwao. Namba ikatulia, akaiandika. Akaitoa, akaweka ya babu. Namba zikacheza. Akaitoa, akaipangusa, akairudisha tena. Mlinzi alikuwa ameshikilia kitasa cha mlango. Kisha yule mwanamke akasema kitu kifupi kwa Kiarabu.

"Anasemaje, Bibi?"

"Anasema si yao. Ni nyepesi." Bi Zuwena akainama kuitazama vizuri. "Imepunguzwa."

Mama. Imepunguzwa.

Nilikaa sakafuni, sikuangalia kama kuna kiti. Fikiria mizani ile ya babu. Otonglo ikiwa nyepesi, mchimbaji anamimina dhahabu kidogo tu na visahani vinalingana, na bado analipwa bei ya otonglo nzima. Aliyepunjika ni mnunuzi. Aliyepunjika ni babu mwenyewe, kwa tupa yake mwenyewe, kila siku aliyofungua kibanda. Hakupunguza haki ya mtu. Alipunguza jiwe la mizani, na ndicho alichokuwa anawaambia, neno kwa neno, huku wakimpiga. Nimeipunguza. Kwa nini alifanya hivyo sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nadhani ni wale wamama waliokuwa wakishinda mtoni wakichekecha mchanga, miguu imevimba. Dani aliwataja mara nyingi.

Nililia hadi mlinzi akaniletea maji. Baadaye ikajulikana kwamba ile iliyokosekana mfanyakazi mwenzao aliitoa siku iliyotangulia ili isafishwe, akasahau kuandika. Mlinzi aliniomba radhi. Nilimwambia siku nyingine akisikia mtu wa bara anasema "nimetoa", aulize mara mbili. Mtu aliwahi kupoteza jina lake kwa neno kama hilo.

Bi Zuwena alinifanya nimsimulie yote njiani, kisha nirudie tulipofika nyumbani. Akafungua kabati lake akatoa kikopo cha vifungo, na chini ya vifungo mlikuwa na otonglo moja, nzima, ya ujana wake Unguja. Akanipa. "Wapelekee hizi mbili pamoja," alisema, "macho yao yaone." Mwanawe ametia sahihi mkataba jana, na Bi Zuwena mwenyewe ndiye aliyemwita atie.

Zote mbili Mercy anazo, nimezishonea ndani ya pindo la kitenge chako kipya. Fumua taratibu. Ile yenye makovu ukingoni ndiyo ya babako. Mpe mjomba aende nazo machimboni Osiri. Najua anachimba kule miaka yote hii kwa jina la mamake ili wasimjue ni mtoto wa nani. Aziweke kwenye mizani mbele ya wachimbaji wenzake, moja huku na moja huku, asiseme kitu mpaka waone ni ipi inayopanda juu.

Nisalimie Baba, na umwambie dawa ya kifua ipo kwenye mfuko wa pembeni. Nisalimie waya, dada yake Baba, na nimesikia ameanza tena kuimba kwaya, masikio yenu yapewe pole. Mjomba umsalimie kwa mkono, si kwa maneno tu. Shemeji yangu Awuor umwambie apumzike, mwezi wa tisa wa mimba si mchezo. Na mumewe, Ouma, kule Rongo umwambie kwamba wakipata mvulana, kabla hajamwita jina la kwenye Biblia, aje kwako kwanza akuulize lile jina. Utalisema, Mama. Najua hujalisema tangu ukiwa darasa la pili, kwa hiyo mimi nimelianza hapa chini.

Ni mimi bintiyo,
Adhiambo, mjukuu wa Ogola.