Kanga za Bi Rukia

Dada Mghoi,

Pokea salamu za Mji wa Kale, pamoja na joto lake. Leo nimeshusha pumzi. Ule mfumo endeshi wa kompyuta za madrasa, tunaoujenga wenyewe kutoka kwenye msimbo wa programu ulioachiwa kila mtu autumie, umekubali.

Kila tulipoiacha kompyuta ikiujenga tukaenda kula, tulirudi tukaikuta imezimika. Nilimlaumu mwenzangu Athmani kwamba msimbo wake ni mbovu, naye akanilaumu mimi, mpaka tukawa hatusalimiani. Leo nilirudia miwani niliyoisahau, nikamkuta mwenye nyumba, Bi Rukia, akiifunika kompyuta kwa kanga mbili.

“Vumbi, mwanangu,” akasema. “Chombo cha watu hakiachwi hivi hivi.”

Kumbe kila tukienda kula huifunika, na kanga huziondoa kabla hatujarudi; ilikuwa ikizimika kwa joto. Tukaisogeza dirishani penye upepo, na alasiri ikamaliza kazi. Athmani alinikumbatia.

Bi Rukia ametuletea mahamri na mbaazi, sinia limefunikwa kwa kawa. Bado anaitazama kompyuta kama anayemtazama mtoto aliyetoka bila nguo.

Wabusu watoto. Vile vitambaa unavyoifunikia televisheni yako, nikirudi tutavizungumza kwa upole.

Nduguyo,
Mwakio