"Sijui" Niliyoificha

Mjukuu wangu Poni,

Hujambo huko Nairobi? Sisi wa Hai Malakal, hapa Juba, tuko salama. Shangazi yako sasa anauza chai mtaa wa Nyakuron, na magoti yangu bado yananifikisha kanisani.

Umeniuliza kwa nini Mungu alituumba ikiwa alijua tutaumia. Nimekaa na barua yako wiki mbili, si kwa uvivu, ni kwa aibu.

Ujanani, tukiwa wakimbizi Uganda, nilikuwa mkalimani kanisani. Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili, nami nikafasiri kwa Kiarabu cha Juba. Jumapili moja mama aliyekuwa amemzika mtoto wake akasimama, akauliza swali hilo hilo lako. Mchungaji akainamisha kichwa. "Mama, sijui," akasema. "Lakini nitakuja kukaa nawe."

Niliona haya kwa niaba yake. Mchungaji gani huyu asiyejua? Basi nikafasiri: "Mungu alimpenda mtoto wako zaidi." Lile la kukaa naye sikulisema kabisa.

Mama akanitazama mimi, si mchungaji. "Kuliko mimi?"

Mchungaji akataka kujua mama amesema nini. Nikamjibu, "Anashukuru." Akaridhika, akaendelea na mahubiri. Yule mama akajifunga leso yake, akatoka, na hatukumwona tena.

Kwa hiyo nakupa jibu la mchungaji, safari hii bila kuligusa. Mjukuu wangu, sijui. Lakini ukija, nitakaa nawe.

Babu yako