Dakika ya Giza

Andheri, Mumbai
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mridula,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye anajua fika kwamba umeudhika naye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti la Baba limetulia sasa mvua zimekatika, na Mama bado ana nguvu za kugombana na muuza maziwa. Mimi sijambo. Kikohozi nilichokuja nacho huko wakati wa sikukuu ya Diwali kimekwisha, nakula vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, nalala.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe huuliza, mimi hujibu "niko sawa tu," kisha tunaishia kuzungumzia bei ya vitunguu. Hili nataka ulisome umekaa.

Unaniambia Mama aliwakusanya majirani wote wa mtaa akawapeleka ukumbi wa sinema wa Sadar kuitazama *Wawili Upande Mmoja*, na majina yalipoanza kupita, neno "hadithi" likafuatwa na jina la kijana ambaye hakuna anayemjua, na langu likaja baadaye, dogo, kwenye "mazungumzo." Unasema alisimama ukumbini akauliza kwa sauti, "Ni nani huyo aliyemwibia mwanangu?" na walipotoka alimshika muuza tiketi mpaka maskini akamwambia, "Mama, mimi nauza tiketi tu, filamu sikuiandika mimi." Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikalia kidogo. Wewe unauliza jambo moja tu: niliibiwa, au nilikubali? Sikuibiwa, dada. Nilikubali. Na nilikubali kwa sababu ambayo sijapata kumwambia mtu.

Unajua hadithi yenyewe. Msichana na kijana wa chuo kimoja wanapangwa na kocha wao kucheza pamoja mpira wa vinyoya, kwa kuwa kila mmoja amekosa mwenzake. Wanagombana, wanazoeana, wanapendana, wanafika fainali. Niliandika hivyo tu. Bwana Lamba, mtayarishaji, alipoisoma mara ya kwanza alitaka iwe kriketi. Alisema mpira wa vinyoya ni mchezo wa wastaafu wanaotafuta hamu ya kula. Faiyaz, mwongozaji wetu, ni mtu wa Lucknow asiyependa kubishana. Alimwacha mpaka maneno yakamwishia, kisha akamwambia taratibu kwamba kriketi inahitaji watu ishirini na wawili wanaojua kucheza, na sisi hatuna hata mmoja. Hapo Lamba akakubali.

Tulipiga picha za filamu katika chuo kimoja huko Nashik. Yule binti aliyecheza mhusika mkuu alikuja anashika raketi kama mwiko wa kukorogea dengu, nami nikapewa kazi ya kumfundisha. Kila asubuhi tulikuwa uwanjani kabla wanafunzi hawajaanza kujazana madirishani. Alikuwa mtiifu, maskini, na alichubuka viganja bila kulalamika. Siku moja aliniuliza kwa nini mtu anayecheza vizuri namna hii aliacha. Nikamwambia magoti. Magoti yangu hayana tatizo lolote, wewe unajua.

Lamba alitaka wimbo kwenye mvua, nikaandika nafasi ya wimbo kwenye mvua. Akataka mwingine juu ya paa la maktaba, nikaandika. Akataka baba tajiri mwenye hasira, nikampa. Jambo moja tu sikumpa, nalo ni lile giza.

Umeliona mwenyewe. Ni fainali, nje mvua inamwagika, na madirisha ya ukumbi yamefungwa yote ili upepo usikipeperushe kinyoya. Pointi zimelingana. Umeme unakatika. Hakuna anayeona kitu, na watazamaji wananyamaza. Kisha unasikia raketi inagonga sakafu mara mbili, polepole. Kimya. Halafu raketi ya pili, ya msichana, inajibu mara mbili. Basi. Hawashikani mikono, hawaambiani neno. Wanagongeana hivyo hivyo gizani mpaka taa zinawaka, na wanapotazamana, mtu anajua kwamba yamekwisha, wamekwishapendana.

Siku ya kupiga sehemu ile, kijana wetu, mwigizaji wa kiume, alikuwa anagonga kama shujaa anayebomoa mlango. Faiyaz akaniita nimwonyeshe. Nikachukua raketi, taa zikazimwa, nikagonga. Taa zilipowashwa Faiyaz alikuwa ananitazama mimi, si uwanja. Alimwambia tu kijana, "Umesikia? Hivyo."

Lamba alipoiona filamu imeunganishwa, alisimamisha mashine palepale. Akasema, "Binti yangu, dakika nzima ya giza? Watu hulipa kutazama mwanga, hawalipi kutazama giza!" Nikamwambia ndio moyo wa hadithi. Akasema moyo huo ameshauona kwenye mvua na kwenye paa. Tulibishana siku kadhaa. Mwishowe akatoa lililokuwa rohoni mwake: ana mpwa wake aliyerudi kutoka masomoni na anahitaji jina la kuanzia. Mpwa akiandikwa kwenye "hadithi," giza litabaki. Nikitaka jina, giza litakatwa. Faiyaz alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona, akataka kujiuzulu. Nilimwomba asifanye hivyo. Nikachagua giza.

Basi ikatoka. Ijumaa ya kwanza nilikwenda kuitazama hapahapa Andheri, nikakaa safu ya nyuma nimejifunika shali kama mgonjwa. Umeme ulipokatika kwenye filamu, ukumbi mzima ulipiga mluzi. Mmoja akapaza sauti, "We mwendesha mashine, amka!" Mwingine akamjibu, "Mwache, amekwenda kulipa bili ya umeme!" Watu wakaangua kicheko, na zile raketi hakuna aliyezisikia. Gazeti moja likaandika kwamba filamu yetu ni chai iliyosahauliwa sukari. Wiki ya pili kumbi nyingi za Mumbai ziliitoa, na Lamba akaacha kupokea simu zangu.

Kilichotokea baadaye sikukitegemea, na nadhani wewe huko ulikiona kabla yangu. Huko Indore, wanafunzi walikwenda kuitazama, na giza lilipoingia msichana mmoja akagonga mkono wa kiti chake mara mbili. Mtu wa safu ya mbali akamjibu. Onyesho lililofuata waligonga kumi. Baada ya hapo ikawa Sagar, Gwalior, Jhansi, kila mji wenye chuo na ukumbi wenye viti vibovu. Mpaka leo kuna watu wanaoingia kwa ajili ya dakika ile tu, wanagonga, wanajibiwa na mtu wasiyemwona, wanatoka. Lamba alinipigia simu amejaa furaha. "Si niliwaambia?" akasema. "Giza ndilo roho ya filamu!"

Ndipo ukumbi mmoja wa Bhopal ukatualika, Faiyaz na mimi, tuje kukaa na watazamaji onyesho la mchana. Hili ndilo nililotaka kukusimulia tangu mwanzo, dada, na nimezunguka kote huko kwa woga.

Ukumbi ulijaa. Giza lilipoingia nilisikia kugonga kukianzia kushoto, kukajibiwa juu roshani, kukatapakaa kila upande kama mvua inayoanza. Nililia bila kujizuia. Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, watu walitusogelea, na katikati yao nikasikia sauti ikisema, "Ketaki! Kumbe ni wewe kweli! Nimeliona jina lako kwa waandishi wa mazungumzo nikamwambia mke wangu, huyu nilicheza naye!"

Alikuwa Praveer. Praveer Tamrakar, mwenzangu wa chuo, yule mrefu aliyekuwa anakuja kwetu baada ya mazoezi na kula chapati zako za figili bila kusema neno, mpaka Mama akampa jina la Mgeni wa Njaa. Sasa ana upara na tumbo la ofisini. Yuko idara ya reli. Aliniambia, "Umenenepa, afadhali. Zamani ulikuwa mwembamba kama raketi yako." Nikamwambia na yeye nywele zake amezisahau kwenye treni gani. Akacheka vilevile alivyokuwa akicheka, kichwa nyuma.

Akanijulisha kwa mkewe, Sulakshana, na binti yao aliyekuwa na bisi mdomoni. Tukanywa chai kwenye kibanda cha ukumbi. Aliisifu filamu mpaka nikaona haya. Kisha akasema, "Lakini lile giza! Umelitoa wapi jambo lile? Mimi chuoni kwetu sikuona mapenzi ya namna ile. Sisi tulikuwa tunacheza na kula tu."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania, dada. Alikuwa anauliza kweli.

Mkewe ndiye aliyeniokoa. Alicheka akampiga begani. "Mapenzi sijui," akasema, "lakini kugonga kule ni kwake huyu. Nilimfinya palepale ukumbini. Bwana huyu anaogopa giza kuliko mtoto! Umeme ukikatika nyumbani hugonga chochote kilicho karibu, ukuta, sufuria, mpaka nimjibu. Siku ya harusi mama yake aliniita pembeni, nikadhani ananipa siri za mapishi. Kumbe ananiambia, akigonga, mjibu, la sivyo hatatulia."

Praveer alijifunika uso. "Basi, basi, mama! Mbele ya watu!" Kisha akaniuliza, huku bado anacheka, "Au nilifanya hivyo hata uwanjani? Mimi sikumbuki."

Nikamwambia, "Labda."

Alifanya, dada. Katika fainali ya vyuo, mwaka wetu wa mwisho, mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa. Umeme ulikatika nikiwa mbele karibu na wavu, na nyuma yangu nikasikia raketi yake ikigonga sakafu mara mbili. Nikajibu. Akagonga tena, nikajibu tena, mpaka taa zikarudi, na nilipogeuka alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine tangu siku hiyo. Nilijua kwamba ananipenda na hawezi kusema. Tukashinda mchezo. Mwezi uliofuata akaja kuaga, akala chapati zako, akasema tutaandikiana. Aliandika kadi moja ya mwaka mpya, kwa familia nzima.

Nami nikasubiri. Hapo ndipo penye jibu la yale uliyoniuliza, na mengine mengi ambayo hukuniuliza kwa sababu ulinihurumia. Uliponiletea habari za yule mhandisi wa Katni nilisingizia kazi, kwamba sina nafasi ya kuolewa. Uliponiletea habari za binamu wa shemeji nilisema kazi. Haikuwa kazi. Niliacha mchezo kwa sababu sikutaka mtu mwingine nyuma yangu uwanjani. Nilikuja Mumbai na kuandika upuuzi wa watu wengine miaka yote hii ili siku moja niandike dakika ile, iingie kila ukumbi wa nchi hii, na yeye akiwa ameketi mahali fulani gizani aisikie na ajue kwamba nilimsikia. Ningetoa hata zaidi ya jina langu kwa ajili hiyo. Lamba hakujua tu la kuomba.

Na akaisikia. Akaipenda. Akauliza nimeitoa wapi.

Kwenye treni ya kurudi nilimweleza Faiyaz yote, na nilipofika kwenye sufuria nilianza kucheka, nikacheka mpaka mama mmoja mkabala akanipa maji. Yale macho niliyoyabeba miaka yote ni macho ya mtu aliyekuwa ameogopa, basi, na taa zimewaka. Lakini sikudanganywa, dada. Aliogopa kweli, akagonga kweli, na mimi ndiye niliyekuwepo kumjibu. Faiyaz akasema kama ningekuwa nimejua ukweli huu mapema, nchi isingekuwa na dakika ile. Sijui kama hiyo ni faraja.

Usidhani hamu imeisha. Nikisema imeisha nitakuwa nakuandikia filamu ya Lamba. Simtamani huyu wa idara ya reli. Ni mtu mwema, na mkewe alinikaribisha kwao chakula kwa moyo mweupe, nami sitakwenda. Ninayemtamani ni yule wa uwanjani, na zaidi yake, yule msichana aliyekuwa mbele karibu na wavu, jinsi alivyokuwa na hakika. Sijawahi kuwa na hakika ya kitu tena namna ile. Asubuhi nikinywa chai namkumbuka kuliko ninavyomkumbuka Praveer.

Mweleze Mama, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba hakuna aliyemwibia mwanawe. Mengine yabaki kwetu wawili. Waguse miguu Mama na Baba kwa heshima, kwa niaba yangu, wabusu watoto, na umwambie shemeji dawa ya goti la Baba nitaituma na mtu anayekuja huko wiki ijayo. Wakati wa sikukuu ya Holi nitakuja, na safari hii nitakaa zaidi ya siku mbili.

Jambo la mwisho. Pembezoni mwa barua yako, kwa wino mwingine, umetaja mwalimu wa Narsinghpur, aliyefiwa na mkewe, anayependa kutembea mtoni jioni na hapendi sinema hata kidogo. Umelitupa kama mtu anayesema neno huku anafunga mlango, kwa kuwa umechoka kuambiwa kazi. Sisemi ndiyo, dada. Nasema tu kwamba, kwa mara ya kwanza, habari za mtu mwingine nimezisoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako, anayekukumbuka sana,

Ketaki