Matarumbeta Manane ya Usharika

Lushoto, Usambara
Jumanne, juma la pili la Kwaresima

Mdogo wangu mpendwa Eliza,

Shikamoo yako imenifikia baada ya kukaa njiani karibu miezi miwili, nami naitikia marahaba kwa sauti, ingawa chumbani niko peke yangu. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu aliyemkataa ndama wake, ndama alipona? Mimi ni mzima. Kifua hunibana asubuhi ukungu ukiwa mzito, lakini natembea, nasoma, na kabichi zangu zimefunga vizuri. Ila nina hofu, na hiyo ndiyo habari ya barua hii. Ukiona herufi zimepinda, usidhani ni uzee tu.

Nimekwisha kukusimulia jinsi wamisionari Wajerumani walivyotufundisha kupiga matarumbeta, na jinsi tulivyokuwa tukienda makaburini alfajiri ya Pasaka kuwapigia waliolala. Vita hivi vya pili vilipoanza, Wajerumani walichukuliwa, na matarumbeta yetu manane yakafungiwa katika ghala la serikali kama mali ya adui. Vita vimekwisha, yenyewe hayajarudi. Wifi yako Mama Neema alifariki katikati ya miaka hiyo. Hajapigiwa Pasaka hata moja.

Mwezi uliopita afisa anayeshika funguo za ghala hilo aliniita. Bwana huyo ndiye pia anayeongoza okestra ya Wazungu wa hapa: fidla saba, filimbi mbili, kinanda cha hoteli, na zeze moja kubwa linaloshikwa katikati ya magoti. Walikuwa wakitayarisha tamasha la nyimbo za mapenzi pale hotelini, kwa mabwana na wake zao, na mwimbaji mgeni alikuwa memsabu kutoka Nairobi. Mpiga tarumbeta wao, mkulima wa mkonge wa upande wa Magoma, alikuwa amelazwa kwa homa.

"Watu wanasema vyombo vile ni vyenu, na mnajua kuvipiga," afisa aliniambia kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Mimi nimeagizwa nivipeleke Tanga vikauzwe. Kwanza nataka kusikia. Utapiga na sisi. Ukiweza, tutazungumza. Usipoweza, vinateremka Mombo na lori."

Nilijibu kwamba nitaweza. Nikatoka mle ofisini na tarumbeta moja kwapani.

Yonathani wa Mlola, niliyepiga naye tangu ujana wetu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mgosi, mzee mwenzangu! Midomo hiyo ya kunywea uji ndiyo ikawapigie Wazungu mapenzi?"

"Wewe huna hata meno ya mbele. Nyamaza."

"Ndiyo maana hawakuniita. Mungu ananipenda."

Siku ya mazoezi nilipewa karatasi yangu, nikaisoma kama nilivyofundishwa, nikapiga. Eliza, ilikuwa aibu. Kila sauti niliyoitoa iligombana na fidla. Afisa alisimamisha watu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi mmoja mwenye filimbi aliziba masikio. Memsabu mwimbaji alikaa na shali yake mabegani, akinitazama.

"Mzee, unapiga kitu gani?" afisa aliuliza.

"Napiga kilichoandikwa, Bwana."

"Hapana. Jumamosi nikisikia hivi tena, lori linaondoka."

Nilikwenda moja kwa moja kanisani. Nilifungua kinanda, nikapiga karatasi ile kwa vidole, halafu kwa tarumbeta, nikarudia, mpaka nikaelewa. Wajerumani walitufundisha kupiga sauti ileile inayoandikwa katika kitabu cha nyimbo, ili sisi na kinanda tusome ukurasa mmoja. Waingereza humwandikia mpiga tarumbeta hatua moja juu ya sauti wanayotaka kusikia, naye amezoeshwa tangu utoto kuishusha. Mimi sikuwa nimekosea hata noti moja, na zote zilikuwa kosa. Siku tatu nilikaa mezani nikiunakili muziki wote upya, hatua moja chini, pamoja na alama zake.

Jumamosi saa kumi alasiri wageni walijaa barazani, wanawake wamevaa maua, wanaume wamewashikilia mikono. Mimi nilisimama nyuma kabisa na koti langu la ualimu, mtu mweusi pekee asiyebeba sinia. Nyimbo mbili za kwanza zilipita salama. Kisha ukungu ukaingia kama unavyoingia huku, ghafla, ukalala juu ya karatasi zetu. Karatasi zao zilikuwa za kiwandani. Yangu ilikuwa ya wino wa chupa. Nikauona unachuruzika mbele ya macho yangu, mpaka noti zikawa madoa.

Wimbo wa tatu ndio uliokuwa mkubwa. Mwanamke anamwita mwanamume aliye mbali, na tarumbeta ndiyo inayomjibu. Fidla zilikwisha anza. Nilishikwa na hofu ambayo sikushikwa nayo hata katika vita vile vya kwanza, kwa sababu kule ningekufa mimi tu. Niliwaza: nikikosea sasa, Mama Neema atalala hivyo hivyo.

Nilifumba macho, nikaiacha karatasi. Nikamsikiliza yule memsabu kama tunavyowasikiliza wazee wetu kanisani, ambao huimba wanavyotaka nasi tunawafuata. Alipoita, nikamjibu. Mara ya pili pia. Mara ya tatu pumzi ilinikatika, sauti haikutoka. Nikafumbua macho nikamwona amegeuza kichwa kunitazama, na sauti yake ameishikilia palepale, haiachi, haiendelei. Alinisubiri. Nikavuta pumzi nikaingia.

Makofi yalipigwa, sikujua ya nani. Memsabu aliondoka na wenyeji wake, na alipopita aligusa mkono wa koti langu.

Afisa alikuja akifuta miwani. "Ulipotea mara moja."

"Ndiyo, Bwana."

"Matarumbeta yapo manane. Kuna watu wangapi wanaoweza kupiga namna hii?"

Hapo, mdogo wangu, ndipo nilipofanya jambo linaloninyima usingizi. Tuliobaki hai ni wawili, na mmoja wetu hana meno. Nikasema, "Watu wanane, Bwana."

"Vizuri. Chukueni. Alfajiri ya Pasaka nitakuja makaburini kuwasikia wote wanane. Nisipowasikia wanane, yatarudi ghalani."

Basi yako hapa nyumbani, yamepangwa ukutani, nami nayatazama kama mwizi. Nimepata wanafunzi sita: mke wa mwinjilisti, seremala, dada wawili wa kwaya, mwenye duka la chumvi, na binti yangu Neema. Pamoja nami na Yonathani, hata bila meno yake, tunatimia wanane. Jana jioni wote kwa pamoja walitoa sauti moja ya fahali mgonjwa. Yonathani ananiambia niungame kwa mchungaji. Namjibu nitaungama baada ya Pasaka, naye anasema hiyo ni dhambi ya pili.

Nilikuwa nimekusudia kukuandikia kwamba mwaka huu nakuja Njombe. Nilikwisha tengeneza hata sanduku. Sitakuja, Eliza. Wakishindwa, lazima niwepo kusimama mbele ya yule bwana na kusema ni mimi niliyesema uongo. Wakiweza, nani atawafundisha mwaka unaofuata? Nisamehe. Nilipotamka neno hilo "wanane" sikuwaza kwamba ninajifunga mwenyewe.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie dawa ya kikohozi aliyonipa bado ipo. Msalimie mama mdogo anayetunza kaburi la wazazi wetu, na mjomba mwenye kinu, kama bado anatukana wateja. Wajukuu wako nawabariki wote, hata wale nisiowajua majina.

Uniombee. Usiombe nisiogope, omba yule seremala ajifunze kupumua.

Kaka yako anayekupenda,
Mwalimu Lazaro